Tumeambiwa tuiondoe albamu ya marehemu mwenzetu mtandaoni, na simu yake hairuhusiwi kufunguliwa

Alhamisi ya mwisho ya Shaaban iliyopita, baada ya adhuhuri, tulimpoteza Fahmi.

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanistahimilia nikiparamia maneno. Majina nimebadilisha. Mengine yote nayaandika kama yalivyokuwa, na mama yake marehemu anajua kwamba naandika. Nilipomwomba ruhusa alisema, "Andika, lakini usitie chumvi. Iliyopo yatosha."

Nimechoka wakuu. Nianze na hilo.

Tulikuwa bendi ya watu watatu. Jina letu Stima Imerudi, kwa sababu ya zile kelele za watoto mtaani umeme ukirudi. Fahmi, mtu wa Mji wa Kale, ndiye aliyekuwa kichwa. Ochi, wa Buxton, alishika kompyuta. Mimi nilipiga kinanda.

Hatukupiga taarab, hatukupiga bongo fleva. Wetu ulikuwa muziki wa mitambo: vinanda vya umeme, ngoma za kompyuta, na juu yake Fahmi anaimba kinywa kimefungwa, mmm, mmm, kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakuna neno hata moja.

Watu walimuuliza sana maneno yako wapi. Alikuwa akijibu, "Mombasa maneno ni mengi mno. Wacha sisi tupumzishe masikio ya watu."

Sasa kuhusu studio, maana hapa ndipo wengi wamepotosha.

Mimi ni mbeba magodoro. Nafanya kazi kwenye duka la Mzee Taher, nyuma ya Biashara Street. Ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake amezikwa hapa. Juu ya duka ana ghala, chumba kimoja kirefu, na Jumapili duka likifungwa alituruhusu tukitumie. Chumba kilichojaa magodoro mpaka dari ni studio tosha. Ukipiga kofi linakufia mkononi. Fahmi aliingia siku ya kwanza, akasema neno moja, akanyamaza kulisikiliza linavyozama, akacheka peke yake.

Tukarekodi nyimbo mbili za mwanzo. Sauti kavu, safi, karibu na sikio.

Halafu shule zikakaribia kufunguliwa.

Walio na watoto wa bweni mnajua. Wazazi walijaa dukani, kila mmoja anataka godoro la inchi nne, na mimi, mpiga kinanda wa bendi hiyo hiyo, ndiye niliyekuwa nayashusha ngazini kichwani kuanzia asubuhi. Jumapili tukipanda juu, chumba kimebadilika. Ukuta mmoja upo wazi. Jumapili nyingine, kuta mbili. Ngoma ikipigwa, sauti inarudi.

Fahmi alinitazama kwa uchungu. "Athmani, umeniuzia wimbo wangu wa tatu."

Tulimwendea Mzee Taher tukamsihi asitishe kuuza kidogo tu, au atuachie yale ya upande wa dirisha.

"Bhai," akasema, "mtoto wa watu akalale sakafuni huko shuleni sababu ya mmm-mmm yenu? Tokeni."

Ile lori ya kuleta mzigo mpya ilichelewa vibaya. Fahmi aliisubiri, akagomba, akasusa, akarudi. Mwisho akasema, "Wacha. Ndivyo chumba kilivyo." Nyimbo za mwisho tukazirekodi ghala likiwa limebaki magodoro machache ya watoto wachanga, na sauti ya Fahmi inagonga kuta, inatembea, inarudi kwake.

Ndiyo albamu hiyo. Tuliiita Chumba cha Juu. Nyimbo saba.

Fahmi mwenyewe ndiye aliyeipeleka mtandaoni. Hii mitandao ya kuuzia muziki inakutaka uchague mapema siku ya kutoka, halafu siku ikifika inajitoa yenyewe. Akachagua Jumamosi ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, kwa hesabu yake kwamba ikiingia Ramadhani hakuna mtu atakayesikiliza ngoma. Akafungua akaunti kwa jina lake na namba ya simu yake. Sisi hatukuuliza neno la siri ni lipi. Nani anauliza mambo hayo kwa mtu mzima mwenye afya?

Alhamisi kifua kikambana. Hospitali tulifika naye. Hatukurudi naye.

Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Msibani sikulia, nilibeba viti.

Kaka yake, Kassim, alikuwa akiendesha gari Arabuni. Alipata ndege, akafika Ijumaa jioni, akakuta mdogo wake ameshazikwa. Hakuwahi. Hilo mliweke akilini mnapomlaumu, maana mimi pia humlaumu halafu nalikumbuka.

Jumamosi ndiyo hitma. Tulisoma msikitini, tukarudi kwenye baraza la nyumba yao kwa kahawa na halua. Simu zikaanza kutetema mifukoni. Huyu anachungulia, yule anachungulia. Jamaa mmoja akabonyeza bila kujua anabonyeza nini.

Mmm. Mmm.

Wakuu, sauti ya Fahmi ikatoka pale barazani, siku ya hitma yake.

Tulikuwa tumesahau. Naapa tulikuwa tumesahau kabisa kwamba kile kitu kinajitoa chenyewe.

Kassim aliinuka, akanijia mimi, sijui kwa nini mimi. Hakupiga kelele. "Athmani, kaburi la ndugu yangu halijakauka, nyinyi mwatoa nyimbo?"

Nikamweleza. Ukimweleza mtu mwenye msiba kwamba mtandao umejitoa wenyewe, unasikika mwongo hata kama ni kweli.

"Kila atakayesikiliza, mzigo wamfikia mdogo wangu kaburini," akasema. "Iondoeni. Leo."

Wengi mnaijua imani hiyo, kwamba ulichokiacha nyuma kinakufuata, chema au kibaya. Siibishii. Mimi mwenyewe naiogopa. Nilimuuliza ustadhi wa msikiti wa karibu na kwangu.

"Nyimbo zina maneno gani?" akauliza.

"Hazina maneno, ustadhi. Anafanya mmm."

"Mmm tu?"

"Mmm tu."

Akafikiri. "Basi ondoeni tu mpumzike."

Kwa hiyo tukubaliane: mimi sikukataa kuiondoa. Nimeandikwa kwenye magrupu kwamba nimekataa. Sikukataa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuingia kwenye akaunti lazima uwe na neno la siri. Ukilisahau, wanatuma namba kwenye simu ya mwenye akaunti, unaiandika ndani ya dakika kumi, unaingia. Simu ya Fahmi ilikuwa kwa familia, imezimwa, imefungwa ndani ya leso, imo kabatini kwa mama yake.

Nikamwendea Kassim. Nayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, ili mseme wenyewe nani ana wazimu.

"Tupe simu yake, tuiondoe."

"Simu ya maiti haifunguliwi."

"Hatutaki kusoma kitu, Kassim. Twataka namba tu itakayoingia."

"Mtu ametiwa sanda, amesitiriwa, nyinyi mwataka kumfunua? Ina siri zake humo."

"Basi haiondoki."

"Iondoeni bila simu."

"Haiwezekani bila simu."

"Basi mwaringa."

Mazungumzo haya tuliyarudia Ramadhani yote. Baada ya tarawehe, nje ya msikiti, mimi na yeye, maneno yale yale, kama watu waliokariri.

Na ubaya ni kwamba hakukosea. Ukiosha maiti, ulichokiona unakaa nacho, humwambii mtu. Mimi nimekaa nacho. Sasa simu na mwili vina tofauti gani?

Ochi akaandika barua pepe kwa wenye mtandao. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba mwenye akaunti aingie mwenyewe athibitishe. Ochi akawaandikia kwamba mwenye akaunti yuko Kikowani, makaburini. Wakajibu kwamba wanamsubiri.

Huku nyuma, albamu ikaanza kusikilizwa. Mwanzo haikuwa na mtu. Kassim akasimama siku moja baada ya sala, akawaomba watu kwa heshima wasiisikilize. Kwetu hapa ukitaka kitu kisambae, wakataze watu. Kuanzia siku ile kila mtu akauliza, "Ati iko wapi hiyo?" Kinyozi mmoja wa Tudor anaipiga kutwa. Niliyesoma naye darasa la sita ameufanya wimbo wa pili kuwa mlio wa simu yake, na ikilia mbele yangu anategemea nifurahi.

Maoni nayo nimeyasoma yote, kwa upumbavu wangu. Mmoja anasema ni sauti ya friji. Mmoja anasema ina majini, amesikia mwenyewe dakika ya tatu. Mmoja anaomba turudie na maneno.

Halafu kuna ukurasa wa ng'ambo, wa watu wa muziki wa aina hii. Walituandika vizuri, sikatai. Ochi akanifasiria. Wamesema albamu inaanza imebanwa kama kifua cha mfiwa, halafu wimbo hadi wimbo inafunguka, mpaka mwisho unasikia roho ikitoka mwilini kwenda kwenye uwazi. Wamesema msanii alijua anakwenda.

Hakujua! Alikuwa akila viazi karai, akigomba kwa ajili ya lori lililochelewa. Hiyo roho inayotoka ni magodoro ya inchi nne ya wanafunzi wa bweni. Niliyatoa mimi, kwa kichwa changu hiki.

Nilimweleza Mzee Taher. Akavua miwani, akaifuta. "Miaka yote hii nadhani nauza magodoro," akasema. "Kumbe nauza roho." Halafu akageuka, akahesabu mito ambayo haikuwa na haja ya kuhesabiwa. Alimpenda Fahmi.

Baada ya Idi, mama yake Fahmi akaniita.

"Athmani baba, njoo Jumamosi alasiri na huyo mwenzio. Uje na hiyo kompyuta."

Tukaenda. Kassim hakuwepo. Siku hizi ameacha Arabuni, ana kazi Mbaraki, hurudi wakati wa magharibi. Mama akatoa simu kabatini, akaifungua leso, akaiweka mapajani.

"Kassim asema kweli," akasema. "Siri za mtu hazifunguliwi. Lakini mimi nimemzaa, siri zake nilizijua kabla yenu. Simu naiwasha mimi. Namba ikija nawasomea mimi. Nyinyi tazamani ukutani."

Tukageuza viti. Wanaume wazima wawili, tumeelekea ukuta kama watoto wa chuo cha Kurani waliokosa. Ochi kompyuta mapajani, akabonyeza kuomba namba.

"Ngojani," mama akasema. "Siwezi kuamrisha kitu kitupwe na mimi sikijui. Niwekeeni nisikie."

Ochi akaweka wimbo wa kwanza.

Sikumwona uso, nilikuwa natazama ukuta. Nilisikia tu kiti chake hakilii tena. Simu ikalia kidogo, namba imeingia. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, ni mrefu ule, akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Ndipo akatafuta miwani, akatusomea namba taratibu, moja moja. Ochi akaandika.

Muda umekwisha.

"Namba gani hii haina subira?" mama akasema. "Basi njooni Jumamosi nyingine."

Jumamosi nyingine, wimbo wa pili. Namba ikaingia, ikaisha muda.

Nikasema, "Mama, bora tuombe namba baada ya wimbo kwisha."

"Wewe wanifunza? Omba kwanza, tusije tukasahau."

Jumamosi ya tatu, akaanza kusema na wimbo. "Hapa alikuwa na mafua. Sikilizani pua yake." Kweli alikuwa na mafua wiki ile, na hakuna mtu duniani aliyewahi kulisikia hilo, hata sisi tuliorekodi. "Na hapa amechoka. Hamkumpa maji?"

"Tulimpa, mama."

"Hamkumpa. Na hiki kinanda ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wapiga kama mtu atafutaye ufunguo gizani."

Ochi akacheka mpaka akashika ukuta.

Njiani Ochi akaniambia, "Buda, huyu mathe hataki iondolewe." Nikamwambia anyamaze. Mambo mengine ukiyatamka unayavunja.

Lakini Kassim hanyamazi. Kila Ijumaa ananishika mlangoni mwa msikiti.

"Bado?"

"Bado. Namba imekwisha muda."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

Ni kweli tupu, na kila nikiisema nahisi nimedanganya. Mimi si mtu wa kusema nusu. Nimekonda kwa jambo hili. Nikitoka kwa Kassim nakutana na wanaosema "futa tu, kwani ugumu uko wapi", nikiwakwepa hao nakutana na wanaosema "usifute, hiyo ni sanaa, hiyo ni turathi". Nyote mnajua. Mmoja wenu aje akalie kile kiti kilichoelekea ukuta alasiri moja, halafu aniambie.

Nilichojifunza hakina ukubwa. Mkifanya kazi pamoja, neno la siri lijulikane na zaidi ya mmoja. Na ukiwa hai, waambie watu wako sauti yako ifanywe nini utakapoondoka, hata kama watakuambia unajitakia mabaya. Fahmi angetamka sentensi moja tu, sisi sote tungekuwa tumelala.

Kama kuna mtu humu amewahi kuachiwa sauti ya mtu wake, aseme alifanyaje. Wa kejeli pia waseme, nimezoea. Ila msiniulize kiungo cha albamu. Siwapi.

Namalizia na Jumamosi iliyopita, kwa sababu ndiko tulikofika.

Ulikuwa wimbo wa saba, wa mwisho, na ndio mfupi kuliko zote. Hauna kinanda changu, hauna ngoma za Ochi. Ni Fahmi na chumba. Tumekaa, tumeelekea ukuta, Ochi ameshaomba namba, wimbo umeanza. Mlango ukafunguliwa. Kassim. Kazi iliisha mapema.

"Mbona mwatazama ukuta?" akauliza.

Halafu akaisikia ile sauti.

"Mama, hiyo si ile..."

"Kaa."

"Mama, tulisema..."

"Nimekwambia kaa, Kassim. Vua viatu ukae. Na wewe tazama ukutani kama wenzio."

Akavua viatu. Akakaa chini kando yangu, mgongo kwa mama yake. Nilimsikia pumzi. Fahmi alikuwa akienda juu, pale anapokaribia kufungua kinywa halafu hafungui. Kassim hakuwa amemsikia tangu siku ile ya barazani, na siku ile hakusikiliza, aliinuka tu. Akaweka kiganja ukutani, mbele yake, akakiacha hapo.

Simu ikalia kidogo nyuma yetu.

Wimbo ukaisha. Mara hii mama hakuomba urudiwe.

"Kassim," akasema, "miwani siioni. Wewe una macho. Wasomee."

Yeye aliyesema haifunguliwi, akageuka, akaipokea. Aliitazama kwa muda. Mimi na Ochi tukabaki tunatazama ukuta, Ochi vidole viko tayari.

"Yasemaje?" mama akauliza.

"Imekwisha muda, mama."

Haikuwa imekwisha. Wimbo ule haufiki hata dakika nne. Ochi akafungua kinywa, nikamkanyaga mguu.

Kassim akaizima simu, akaifunga kwenye leso, akaenda kuirudisha kabatini mwenyewe. Aliporudi akauliza kama kuna chai.